Ratili Elfu Tisa

Kitundu aliposimama kusema, sauti yake ilitoka kwenye vipaza vya ukumbi kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya kibuyu.

Alijua itakuwa hivyo. Kila aliyeketi katika Baraza la Wanazuoni wa Nyanda alijua, kwa kuwa Mizani, mashine iliyopima uzito wa kila mwanazuoni, ndiyo iliyogawa sauti humo ndani. Mwenye ratili nyingi alisikika hadi viti vya nyuma bila kuinua kidevu. Mwenye ratili chache alisikika na waliokaa jirani yake, tena wakipenda. Kitundu alikuwa na ratili arobaini na moja, miaka saba tangu aingie chuoni, na namba hiyo iliwaka kwenye ubao wa kioo nyuma yake, ndogo na ya kijivu, kama bei ya nyanya zilizoanza kulainika.

"Mchanga hai ulio kwenye visima vyetu unakaribia kufa," alisema. "Na ukifa, unatapika."

"Hatusikii huku," mtu alisema kutoka katikati ya ukumbi.

"Sogeza mdomo kwenye kipaza, kijana," mwenyekiti alimwambia.

"Nimeshasogea, Mwenyekiti. Nikisogea tena nitakimeza."

Watu wa safu ya mbele walicheka. Wa nyuma hawakujua wenzao wanacheka nini, wakacheka nao.

Alikuwa amepewa dakika nne, akazitumia kama mtu anayepiga mlango mateke. Alisema kisima cha kwanza kilitiwa mchanga hai miaka minne iliyopita, na vingine hamsini na tisa vikafuata. Vijidudu vilivyopandwa ndani ya chembe za mchanga ule hula floraidi iliyo majini, ile inayoyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na kuipinda miguu yao kama mishikio ya vikapu. Hula na kuweka, hula na kuweka. Hakuna aliyeuliza vitaweka mpaka lini. Yeye alikuwa na chupa kumi na mbili maabara, zilizotiwa mchanga uleule siku kumi na moja kabla ya kisima cha kwanza. Jumamosi iliyopita chupa ya kwanza ilikufa, na ndani ya saa tatu ikayarudishia maji kila ilichokula kwa miaka minne. Kufikia Jumatatu zote kumi na mbili zilikuwa zimetapika.

"Leo Alhamisi," alisema. "Kisima cha kwanza kitafuata Jumatano. Zimebaki siku sita. Andiko la Profesa Ngonyela linasema mchanga utadumu miaka ishirini. Profesa Ngonyela hakupima miaka ishirini. Profesa Ngonyela alipima miezi kumi na minne, akazidisha."

Kila alipolitaja jina lile, kitu kililia nyuma yake, kidogo na kwa adabu, kama kijiko kikigusa ukingo wa kikombe. Hakukijali. Alitaja na kutaja, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka dakika zake zikaisha na kipaza kikajizima chenyewe. Ndipo alipogeuka akaona. Alipoanza, namba ya Profesa Ngonyela ubaoni ilikuwa elfu tisa mia moja na kumi na mbili. Sasa ilikuwa elfu tisa mia moja na kumi na nane.

Mizani haikujua kusifu wala kukashifu. Ilihesabu kutajwa, basi. Waliomtukuza Ngonyela walimpa ratili, na waliombishia walimpa ratili zilezile, na kwa kuwa wabishi hutaja zaidi kuliko wanaosifu, yule mzee alinenepa zaidi kwa maadui.

Profesa Telesphori Ngonyela aliinuka kitini taratibu. Hakukaribia kipaza chochote. Sauti yake ilishuka kutoka darini, nzito na laini, ikamjaa kila mtu masikioni kana kwamba anamnong'oneza yeye peke yake.

"Namshukuru kijana wetu. Amenisoma kwa makini kuliko wengi humu, na amenitaja mara sita." Kicheko. "Nina swali moja tu. Nani mwavuli wako, bwana mdogo?"

Kitundu alijibu, lakini kipaza kilikuwa kimezimwa, ikabidi ajibu kwa koo.

"Sina mwavuli, Profesa."

"Basi ndiyo maana unatulowesha sisi."

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Hoja ikaondolewa. Haikupigiwa hata kura, kwa kuwa andiko lisilo na mwavuli halikuwa andiko. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Nyanda: kijana hufanya kazi, mkubwa huifunika kwa kuweka jina lake juu, ndipo Mizani huifungulia mlango. Kijana hupata matone yanayodondoka pembeni. Akivumilia miaka ishirini, naye anakuwa mwavuli.

Kitundu alitoka nje huku meno yake yakiuma kwa jinsi alivyoyabana.

*

Maabara, chupa kumi na mbili zilikuwa zimepangwa dirishani, maji yake maangavu kabisa. Ubaya wa floraidi ni huo. Haina rangi, haina harufu, na ulimi hauitambui. Angewekewa glasi mbili mbele yake, moja ya kisimani leo na moja ya chupa zile, asingejua ipi itamuua mtoto wa mwaka mmoja.

Tangu Jumamosi alikuwa ameshagonga milango mitano akitafuta mwavuli. Watatu hawakufungua. Wa nne alitaka kwanza kujua Profesa Ngonyela anasemaje. Wa tano alimsikiliza hadi mwisho, akafunga dirisha, akamwambia ni kweli tupu, kisha akamwomba asimwambie mtu kwamba yeye amesema ni kweli.

Aliketi kwenye kibao, akampigia simu mlinzi wa kisima cha kwanza, kule Itundamagadi.

"Shikamoo, Mama Munaa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Kitundu, natoka chuoni. Mama, naomba ufunge kisima. Kabla ya Jumatano."

Alimsikia mama yule akiisogeza simu mbali na uso wake ili aisome. Kwenye kila simu ya Nyanda, jina la mwanazuoni lilifuatwa na uzito wake.

"Hapa inaniandikia arobaini na moja," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Arobaini na moja elfu?"

"Arobaini na moja tu."

"Haya." Alilitamka kwa huruma zaidi kuliko kwa dharau, na huruma ile ilimchoma Kitundu zaidi ya vicheko vya ukumbini. "Mwanangu, mimi kila asubuhi nachovya ile karatasi mliyotupa. Ikigeuka waridi, nafunga. Leo nyeupe. Jana nyeupe. Miaka minne nyeupe."

"Itakuwa nyeupe mpaka Jumatano asubuhi. Mchana itakuwa waridi, na nyie mtakuwa mmeshachota."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Nimepima."

"Aliyekuja hapa kuzindua alikuwa na elfu tisa. Akanywa mbele yetu, akatuambia miaka ishirini. Sasa wewe wa arobaini na moja unaniambia nifunge. Nina shule hapa ya watoto mia nne. Nikifunga wanakunywa bwawani, na lile bwawa ndilo lililompinda miguu mdogo wangu. Ungekuwa wewe ni mimi, ungemsikiliza nani?"

Kitundu alilijua jibu. Angekuwa yeye, angesikiliza elfu tisa. Wote walifundishwa hivyo, yeye akiwa miongoni mwa waliofundisha.

"Chovya mara mbili basi," alisema hatimaye. "Jumatano chovya kila saa."

"Hayo nitafanya. Si kwa sababu yako lakini."

Alipokata simu, alikuta ujumbe umeingia. Profesa Ngonyela alikuwa anamwita chai.

*

"Ni kweli?" Profesa aliuliza kabla Kitundu hajakaa vizuri.

Ofisini mwake hapakuwa na vipaza. Sauti yake halisi ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo, sauti ya mzee anayeamka na kikohozi.

"Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Kiasi gani?"

"Miligramu tisini kwa lita. Mtu mzima ataumwa tumbo vibaya. Mtoto wa mwaka mmoja sina uhakika kama ataifikia jioni."

Profesa alifumba macho. Kitundu alikuwa amejiandaa kwa kiburi, na kwa muda mfupi ule hakujua aweke wapi hasira yake.

"Nilijua una kitu," mzee alisema. "Mwongo hatetemeki vile. Sasa nisikilize. Mimi naweza kufunga visima vyote sitini kabla chai hii haijapoa. Amri ya dharura inataka ratili elfu tano, na katika Nyanda yote tuko watatu wenye nazo. Wenzangu wawili walitia sahihi kwenye mchanga, kwa hiyo wataniangalia mimi nafanya nini."

"Basi fanya."

"Nifanyeje? Nikifunga lazima niseme sababu. Nikisema nilikosea, Mizani inanikata nusu palepale. Tisa inakuwa nne na nusu. Chini ya elfu tano siwezi kutoa amri. Umeelewa? Nikikiri tu, amri yangu inafutika na visima vinabaki wazi." Aliinua mabega. "Sikuitengeneza mimi mashine hii."

"Unaishi ndani yake vizuri lakini."

"Kama wewe unavyotamani kuishi." Alisukuma kikombe kuelekea kwa Kitundu. "Kosa la msaidizi halimkati mkubwa. Huo ndio mlango. Andiko limeshaandaliwa. Linasema nimegundua hatari mapema, na kwamba vipimo vya awali vilipotoshwa na mpimaji. Kinachohitajika ni dole gumba lako la kuzithibitisha zile chupa, maana umezifunga kwa alama yako na Mizani haitazipokea bila wewe. Nakuweka jina la pili, chini yangu. Utaondoka hapa na ratili mia tatu."

"Mpimaji gani?"

"Nyamizi."

Kitundu alisimama. Chai ilimwagika mezani, na hakuna aliyeifuta.

Dakta Nyamizi Sekiete alikuwa amefariki mwaka juzi, na ratili zake mia na kumi zikazimwa siku ya mazishi, kama ilivyo kawaida. Mchanga hai ulikuwa wake. Chembe zile alizilea kwa miaka kumi na sita katika chumba kisicho na feni, akamfundisha Kitundu kushika bomba la kupimia kwa vidole viwili badala ya ngumi. Chupa kumi na mbili alizijaza yeye.

"Dakta Sekiete aliandika ukurasa wa thelathini na moja," Kitundu alisema. "Aliandika mchanga usitiwe kisimani kabla chupa hazijatimiza miaka mitano. Wewe uliutoa."

"Watu walikuwa wanapinda miguu. Miaka mitano ni mingi."

"Uliutoa kwa sababu wenzako wa pwani walikuwa karibu kuzindua wa kwao."

"Na hilo pia," Profesa alikubali bila aibu. "Wewe uliuonaje huo ukurasa?"

"Niliuchapa mimi."

"Ahaa. Na andiko lilipotoka bila huo ukurasa, ulimwambia nani?"

Mashine ya hewa ilivuma ukutani.

"Nakumbuka nilikuweka jina la nne," Profesa aliendelea, kwa upole uleule wa ukumbini. "Ulipata ratili ishirini. Karibu nusu ya ulizonazo leo. Kwa hiyo usinisimamie juu ya kichwa, bwana mdogo. Marehemu hana ratili za kupoteza. Walio hai wanayo maji ya kunywa. Nakupa mpaka kesho adhuhuri."

*

Pili, binti pekee wa Dakta Sekiete, alikuwa na karakana ya kusuka upya mota za pampu nyuma ya soko la nafaka. Kitundu alimkuta amepiga magoti mbele ya mota iliyofumuliwa, anaingiza waya wa shaba kwenye mifereji yake, mzunguko kwa mzunguko. Alimweleza yote akiwa amesimama. Pili hakuacha kuhesabu mizunguko mpaka mfereji ulipojaa.

"Sasa umekuja kuniomba nini?" aliuliza.

"Ruhusa, dada Pili."

"Ya kumwita mama yangu mzembe."

"Ya kufunga visima. Mama yako angekuwa hai angevifunga, hata kwa jina lake. Unajua."

"Najua. Asingefikiri mara mbili." Alikata waya kwa koleo. "Ila angetoa la kwake. Wewe unatoa la mwenzako, tena aliyelala, hawezi hata kukuambia toka hapa."

Kitundu alihisi uso unamwaka. "Kuna watoto mia nne katika kisima kimoja tu. Nikae nibishane na heshima ya marehemu?"

"Usinitupie watoto. Watoto ni wako wewe na Ngonyela. Mama alisema miaka mitano. Alikuja nyumbani siku ile andiko limetoka, akalisoma pale kizingitini, hakuvua hata viatu. Akasema, hata Kitundu hajasema kitu." Alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Si Ngonyela. Ngonyela hakumshangaza. Alisema hata Kitundu."

"Hakuniambia."

"Angekuambia nini? Ulikuwa umeshapata ishirini zako."

Kitundu alitaka kumjibu kwa ukali. Alikuwa na maneno mengi makali, siku zote alikuwa nayo, yalimjia yamepangika kama mistari ya shairi. Safari hii kila neno aliloliokota alilikuta limeelekea kwake. Alikuwa amemchukia Ngonyela kwa miaka minne, chuki safi, iliyomfanya ajione msafi. Wakati wote huo ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hakuwahi kuufungua hata kuufuta.

"Wewe ndiye uliyekuwa unashika vipimo na mama," Pili alisema, akirudi kwenye mota. "Siyo yeye peke yake. Ngonyela anataka mpimaji aliyekosea. Wapimaji walikuwa wawili."

Akaanza kuhesabu tena. Moja, mbili, tatu. Kitundu alisimama mpaka ikafika kumi na tisa, kisha akaondoka.

*

Siku ya Ijumaa, nusu saa kabla ya adhuhuri, aliweka chupa kumi na mbili mezani kwa Profesa Ngonyela, akalisoma andiko mwanzo hadi mwisho, akachukua kalamu ya kuandikia kwenye kioo na kufuta jina la Dakta Sekiete kila lilipotokea. Lilikuwa mahali pane. Kila mahali aliandika lake.

Profesa aliinama kusoma, akavua miwani.

"Unajua maana yake?"

"Najua."

"Siyo kupungua. Msaidizi aliyekosea hakatwi nusu kama mkubwa, ni sifuri. Sifuri haina mwavuli, hakuna atakayethubutu. Atakayekutaja kwenye andiko lake atakatwa. Maabara hutaingia. Una miaka ishirini na tisa, Kitundu. Yule mama amekufa."

"Hilo ndilo linalonifanya nimwache hapo alipo."

"Kwa hiyo unajitoa mhanga, tukuimbie?"

"Hapana. Nilichapa ukurasa, ukatolewa, nikanyamaza. Hilo ni kosa, na ni langu. Lako lipo palepale lilipo, utakaa nalo mwenyewe." Alisogeza andiko katikati ya meza. "Na hili silifanyi kwa heshima yako. Ungekuwa na haya ungefunga visima leo asubuhi, ukakubali ya kukukuta. Umelala usiku mzima na siku sita za watu mfukoni."

"Tano," Profesa alisema kwa sauti ndogo.

"Tano. Unazihesabu kumbe."

Profesa alifungua kioo cha amri. Visima sitini vilijipanga kwenye ramani, vidoti vya kijani kutoka bonde la chumvi hadi vilimani.

"Weka dole lako kwanza," alisema.

"Wewe funga kwanza."

"Nikifunga utaondoka na chupa zako."

"Nikiweka dole utakumbuka kitu kingine cha kuongeza."

Walitazamana, mzee wa ratili elfu tisa na kijana wa arobaini na moja, hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa upana wa kucha. Mwishowe waliinamia kioo kimoja, vichwa vikikaribia kugongana, dole gumba la mmoja juu ya amri, la mwingine juu ya andiko, wakahesabu tatu kama watoto wanaoruka mfereji, wakabonyeza pamoja.

Vidoti vya kijani vikawa vyekundu. Kimoja, vinane, ishirini, sitini.

Ukutani, Mizani ililipokea andiko. Ilichukua muda wa kumeza mate. Namba ya Kitundu ilishuka bila haraka, arobaini, thelathini, kumi, ikatua kwenye sifuri, kisha sifuri yenyewe ikafutika na kubaki jina tupu. Namba ya Ngonyela ilianza kupanda. Pongezi zilikuwa zimeshaanza kuingia kutoka kila chuo, kwa mwanazuoni aliyeona hatari siku tano kabla. Elfu tisa mia mbili. Elfu tisa mia nne. Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikagonga, kikagonga, hakikunyamaza.

"Ningependa uelewe," Profesa alianza.

"Usiniambie kitu," Kitundu alisema. "Usinishukuru, usinipe mkono, usiniombee. Nikikaa hapa dakika moja zaidi nitavunja hicho kioo, na kina amri ndani yake."

Alitoka. Mlango wa jengo ulifunguka ili atoke, na alipougusa tena kutoka nje, kwa kujaribu tu, haukufunguka.

Jioni simu ilimkuta bado amekaa kwenye ngazi.

"We mtu wa chuo," Mama Munaa alisema. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu na ndoo. "Ni wewe uliyenipigia jana? Hapa kwenye simu pako patupu. Hakuna namba."

"Ni mimi, Mama. Mmefunga?"

"Kimejifunga chenyewe. Amri ya elfu tisa. Wametuletea gari la maji, lita mbili mbili kwa kila mtu, mpaka watakapojua la kufanya." Alipumua kwa nguvu. "Wanasema kuna mpumbavu mmoja alikosea vipimo. Miaka minne tumekunywa kwa hesabu za mpumbavu. Wanasema anaitwa Kitundu."

"Ndiyo."

"Si ndilo jina lako?"

"Ndilo."

Makelele ya ndoo yaliendelea. Kitundu angeweza kumweleza, naye pengine angeelewa, maana hakuwa mjinga yule mama. Lakini maelezo yangeanzia kwa Ngonyela na kuishia kwa Kitundu asiye na hatia, na alikuwa ameshachoka na Kitundu huyo.

"Basi usithubutu kuja huku," Mama Munaa alisema. "Nakwambia kwa wema. Vijana hapa wameshaokota mawe, hawajui wamtupie nani."

"Nitakuja Jumatano asubuhi."

"Kufanya nini? Kisima kimefungwa."

"Kuchota humohumo. Chupa zilikuwa kumi na mbili, kisima ni kimoja. Nilisema kitatapika Jumatano, lazima mtu aone kama kimetapika, na saa ngapi, na kiasi gani, ndipo ijulikane vingine hamsini na tisa vitafunguliwa lini na kwa mchanga gani. Hakuna mwingine anayejua kupima kitu hiki. Mwingine amekufa. Naomba uwe na ufunguo mkononi saa moja."

"Na wakikupiga mawe?"

"Waambie wanisubiri nimalize kupima."